Siku ya Mwisho, Saiba ya Magongo

Mwisho ni saa sita usiku, na mashine ni tatu,
moja haina herufi ya k.
Jina la Kadzo nimeliibia k yake
kwa mtahiniwa wa jana.
Natoza khamsini kwa fomu,
mia kama wataka na ushauri,
na ushauri wangu, wallahi, haufiki hata kumi.

Kadzo ametoka Mazeras na mamake. Anataka Lishe.
"Lishe ndiyo kupika?"
"Si kupika, mama. Ni kujua."
Mama aangalia viganja vyake,
miaka kumi na tisa ya viazi karai pale stendi,
chumvi akiipima kwa jicho,
na nyumbani mume aliyekatwa mguu kwa sukari.
"Basi andika," asema. "Andika kubwa."
Nambari ya kozi ni tarakimu saba.
Nazisoma kwa sauti, naye aitikia kila moja
kama anayehesabiwa chenji.

Mzee Fumo alitangaza kivukoni miaka thalathini:
abiria nyuma ya mstari,
mwenye mkokoteni ngojea,
mama, mshike mtoto mkono.
Amestaafu. Anataka Mawasiliano.
Mzee, namwambia, pahali pa kuandika uzoefu hapana.
"Hapana kabisa?"
Naushusha ukurasa hadi chini. Hapana.
"Watu wote wale," asema,
"na hakuna aliyewahi kuniambia hakusikia."

Mkamburi haketi. Saikolojia, chuo chochote.
Kakake alirudi kutoka zamu ya usiku bandarini,
akavua buti, akaelekea ukutani,
mwaka wa pili huu hajageuka.
"Hiyo kozi," aniuliza, "wanafundisha
kumuuliza mtu bila kumuuliza?"
Hilo si la khamsini wala si la mia.
Nikamjazia fomu. Sikumtoza.

Shangazi yangu alikuwa akitunga majina ya leso
kwa maduka ya mtaa wa Biashara,
jina moja, doti moja, hesabu imekwisha.
La mwisho hawakulichapa, walisema halieleweki:
SIKUSOMA, NALISOMWA.
Kila nikipita orodha ya Sanaa,
fasihi, uchoraji, lugha,
namtafuta humo ndani.
Sijui ningemweka mstari gani.

Swabri apigapiga meza yangu kwa vidole.
Babake, nyuma ya kiti, asema kama anayenunua misumari:
"Moja, Ugavi. Mbili, Uhasibu. Tatu..."
"Tatu, Muziki," asema Swabri,
macho kwenye kalenda ya duka la simiti.
"Muziki wasomewa?"

Hapo ndipo stima ikapotea.

Mashine zote tatu zikafa.
Nikatoa kipakatalishi changu, betri nusu,
Swabri akaniwashia mtandao wa simu yake
akanimulikia vibonye kwa simu hiyohiyo.
Nje malori yakapita, dirisha likatetemeka,
na yalipokwisha kupita
nikasikia meza inalia.
Taratibu kwanza, kama mtu ajaribuye mlango
asiyejua kama umefungwa,
kisha ikakaa sawa: chapuo, ya harusi, ya zamani,
ile ya kumwingiza bwana harusi ndani.
Mamake Kadzo akaachia kigelegele kimoja kifupi,
akaona haya, akakimeza.

Mikono ya Swabri, yote miwili,
ilikuwa imeshika simu.

Taa ziliporudi, babake alikuwa na mikono mfukoni.
Akakohoa.
"Hiyo ya tatu. Yaweza kupanda?"
Yaweza. Mpaka ngapi?
Akatazama mlango, akatazama feni,
akatazama kila kitu isipokuwa mwanawe.
"Mpaka ya pili," akasema. "Tusikimbilie."

Saa sita kasoro dakika nne.
Nimebonyeza tuma. Duara lazunguka, lazunguka,
sote tumejazana juu ya kioo kimoja,
pumzi ya vitunguu, ya udi, ya jasho la kutwa.
Mzee Fumo, ambaye wala hakuwa ameondoka,
akasafisha koo:

"Wote nyuma ya mstari."

Tukarudi nyuma.